Kifungu Gani? Juu ya Sheria Tunazozitii Bila Kuzisoma

Mwanzoni mwa mwaka 2018 mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliachishwa kazi katika ghala moja jijini Dar es Salaam. Alikuwa mtunza stoo kwa miaka sita. Barua aliyokabidhiwa ilikuwa na aya mbili tu, na ilisema kwamba mwajiri amepoteza imani naye. Hakuitwa kwenye kikao chochote cha nidhamu wala hakupewa nafasi ya kujieleza. Jioni ileile alinipigia simu. Hakunipigia kwa kuwa mimi ni mwanasheria, maana mimi si mwanasheria. Ninafundisha siasa na utawala. Alinipigia kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye "Daktari", na kwa ndugu zangu neno hilo humaanisha mtu anayejua kila kilichoandikwa kwenye karatasi.

Nilimwomba anipe saa moja. Nikaketi mbele ya kompyuta, nikatafuta, nikaangukia muhtasari wa semina fulani kuhusu haki za wafanyakazi. Ulikuwa na kurasa tatu, lugha yake nyepesi, na mstari mmoja ulisema kwamba migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Nikampigia na kumwambia: "Mdogo wangu, usiwe na haraka. Una siku sitini. Kwanza mwandikie mwajiri wako kwa heshima, muombe afikirie upya. Usianze kwa vita."

Ushauri ule ulisikika kuwa wa busara, na yeye aliufuata neno kwa neno. Aliandika barua, akaipeleka kwa mkono, akasubiri. Mwajiri hakujibu. Siku ya 44 tangu aachishwe kazi alikwenda ofisi ya Tume akiwa na bahasha yake ya vielelezo, na huko akaelezwa, kwa upole kabisa, kwamba amechelewa kwa siku kumi na nne.

Usiku wa siku hiyo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo. Niliifungua kanuni yenyewe. Ni Kanuni za Taasisi za Kazi kuhusu Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 64. Kanuni ya 10 ina vifungu vidogo vinavyofuatana. Cha kwanza kinasema kwamba mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Cha pili kinasema kwamba migogoro mingine yote hupelekwa ndani ya siku 60. Muhtasari niliousoma haukusema uongo. Ulisema nusu, nami nikaichukua ile nusu na kumkabidhi ndugu yangu kama ukweli mzima.

Kanuni hizo zinampa mtu aliyechelewa njia ya kuomba kuongezewa muda, mradi aonyeshe sababu ya msingi. Mdogo wangu aliomba. Lakini sababu yake ya kweli ilikuwa moja tu: kaka yake msomi alimwambia asiwe na haraka. Ombi lilikataliwa, na nilipoanza kusoma hukumu za mahakama zetu nikaelewa kwamba lisingeweza kukubaliwa kirahisi. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema, tena zaidi ya mara moja, kwamba kutojua sheria si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Katika shauri linalotajwa mno kuhusu jambo hili, la Lyamuya Construction la mwaka 2010, mahakama hiyo iliweka vigezo ambavyo mwombaji hupimwa navyo: aeleze kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, na aonyeshe kwamba hakuwa mzembe. Je, mdogo wangu angeeleza nini kuhusu siku zile kumi na nne? Kwamba alikuwa akinitii mimi?

Sisemi kwamba angeshinda shauri lake. Hilo hakuna ajuaye. Ninachosema ni kwamba hakusikilizwa, na kwamba wakati ule sheria ya ajira iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa mfanyakazi aliyethibitika kuachishwa isivyo halali na akapewa fidia badala ya kurejeshwa kazini. Kwa mtu mwenye watoto wawili shuleni na chumba cha kupanga, hizo si hesabu za vitabuni. Mwaka ule mtoto wake mkubwa alihamia kwa bibi yake kijijini. Mdogo wangu hakunilaumu hata siku moja. Aliniambia tu, "Kaka, ulifanya ulivyoweza." Maneno hayo yamenikaa kifuani kuliko lawama yoyote, kwa sababu si kweli. Sikufanya nilivyoweza. Kanuni ile ilikuwepo, ilikuwa wazi kwa mtu yeyote, haikuwa na malipo, na ilinichukua dakika zisizozidi kumi na tano kuipata nilipoamua kuitafuta.

Ndugu msomaji, nimesimulia habari hii ambayo hainipi sifa ili niseme jambo moja. Tumezoea kulalamika kwamba sheria za nchi yetu zimefichwa, na kwa muda mrefu lalamiko hilo lilikuwa la haki. Leo sehemu kubwa ya sheria hizo na hukumu za mahakama zetu iko mezani, bila malipo. Ila sisi tuliosoma, ambao jamii hututegemea tuisomee, bado tunaishi kama zamani: tunasikia, tunakisia, tunapitisha. Anayelipa gharama ya uvivu huo kwa kawaida ni yule aliyetuuliza, nasi tunaendelea na shughuli zetu.

Nakumbuka vizuri hali ilivyokuwa nilipokuwa mwanafunzi. Mtu asiye wa kitivo cha sheria akitaka kusoma sheria fulani ilimpasa aende maktaba, aombe majalada mazito ya sheria, na akiyapata ajiulize kama sheria hiyo haijarekebishwa tangu jalada lichapwe. Marekebisho yalikuwa mahali pengine, katika magazeti ya serikali, ambayo mara nyingi yalikuwa na mapengo ya namba. Hukumu ndizo zilizokuwa ngumu zaidi. Vitabu vya taarifa za kesi vilibeba hukumu chache zilizochaguliwa. Nyingine zilibaki katika masijala za mahakama na katika makabati ya mawakili. Wakili mwenye nakala ya hukumu ambayo mwenzake hana alikuwa na silaha, na mwananchi wa kawaida hakuwa na chochote.

Mabadiliko hayakuja kwa bahati. Mwaka 1992 chuo kikuu cha Cornell, huko Marekani, kilianzisha taasisi ya kuweka sheria kwenye intaneti bila malipo. Mwaka 1995 vyuo viwili vya Sydney, Australia, vilifuata kwa kuanzisha AustLII. Mwaka 2002 taasisi za aina hiyo zilikutana Montreal, Kanada, zikatoa tamko kwamba taarifa za kisheria za umma ni urithi wa pamoja wa binadamu, na kwamba kila mtu anapaswa kuzipata bure. Barani kwetu, Kenya iliunda chombo cha taifa cha kuchapisha taarifa za sheria kwa sheria ya mwaka 1994, na leo Kenya Law ni mahali ambapo Mkenya yeyote anaweza kuisoma katiba yake, sheria zake na hukumu za mahakama zake. Chuo Kikuu cha Cape Town kimekuwa makao ya AfricanLII, inayosaidia nchi za Afrika kujenga hazina zao. Uganda wana ULII. Sisi tuna TanzLII, iliyo chini ya Mahakama ya Tanzania.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuifungua TanzLII, nieleze kwa ufupi. Humo mna hukumu za Mahakama ya Rufani, za Mahakama Kuu na divisheni zake, na mna sheria za Bunge pamoja na sehemu ya sheria ndogo na magazeti ya serikali. Kila hukumu hupewa alama yake: mwaka, herufi zinazotaja mahakama, kisha namba. Ukiona TZCA, hiyo ni Mahakama ya Rufani. Ukiona TZHC, hiyo ni Mahakama Kuu. Huhitaji kujisajili, wala kulipa, wala kueleza wewe ni nani. Mwanafunzi mwenye simu ya kawaida yenye kifurushi cha intaneti anaisoma hukumu ileile anayoisoma wakili wa kampuni kubwa ya mjini. Pamoja na hazina hiyo, tovuti ya Bunge huweka miswada, sheria zilizopitishwa na taarifa rasmi za mijadala, ambamo unaweza kusoma mbunge wako alisema nini siku sheria inayokubana ilipopitishwa. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, huweka hukumu zake wazi kwa umma, zikiwemo zinazoihusu nchi yetu.

Lakini kuwa na ghala la nafaka si kushiba. Nimejifunza, kwa gharama niliyoieleza, kwamba kuna namna ya kusoma vitu hivi, na kwamba asiye mwanasheria anaweza kujifunza namna hiyo akiwa mnyenyekevu. Mimi hujiuliza maswali manne kabla ya kufungua kinywa.

La kwanza: je, ninasoma sheria yenyewe, au maneno ya mtu kuhusu sheria? Muhtasari wa semina, makala ya gazeti, ujumbe wa kundi la WhatsApp, hata makala hii, ni maneno ya watu. Yana faida ya kukuelekeza. Hayana mamlaka yoyote.

La pili: je, sheria hii bado iko hivi leo? Swali hili limekuwa zito zaidi tangu Aprili 2025, pale zilipozinduliwa Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, Toleo la Mwaka 2023. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tukitumia toleo la mwaka 2002 huku tukibandika marekebisho ya zaidi ya miongo miwili juu yake. Urekebu umekusanya mambo mengi mahali pamoja, na hilo ni la kushukuru. Lakini katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimesogea. Anayekariri namba ya kifungu aliyofundishwa miaka kumi iliyopita anaweza kujikuta anataja kifungu cha jambo jingine kabisa. Sheria za kazi nazo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025. Kwa hiyo hata habari ya siku na fidia niliyoisimulia hapo juu uichukue kuwa ni ya wakati wake; kama yamekukuta leo, fungua kilicho cha leo.

La tatu: je, chini ya sheria hii kuna kanuni? Bunge hupitisha sheria kuu, lakini mambo yanayomgusa mwananchi moja kwa moja, kama siku ngapi, fomu gani, ada kiasi gani, mara nyingi hukaa katika kanuni na matangazo ya serikali. Mdogo wangu hakukwamishwa na sheria ya ajira. Alikwamishwa na kanuni, iliyotungwa chini ya sheria nyingine, ile ya taasisi za kazi. Mtu angeweza kuisoma sheria ya ajira kifungu hadi kifungu na bado asikutane na mstari uliomfungia mlango.

La nne: je, mahakama imesema nini kuhusu maneno haya, na ni mahakama ipi? Neno la Mahakama ya Rufani huzifunga mahakama zote zilizo chini yake. Neno la jaji mmoja wa Mahakama Kuu lina uzito, lakini linaweza kutenguliwa, na pengine limekwisha kutenguliwa.

Hapa naomba nitoe mfano kutoka darasani kwangu. Kila mwaka, tunapofika kwenye mada ya mihimili ya dola, huwauliza wanafunzi kuhusu shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Karibu wote wamelisikia. Mkono wa kwanza ukinyanyuka, jibu huwa: "Mahakama ilipiga marufuku ndoa za utotoni." Huuliza tena: ni nani kati yenu aliyeisoma hukumu? Kimya.

Basi huwa tunaifungua pamoja. Tunakuta kwamba mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakiuka katiba. Tunakuta pia kwamba mahakama haikuandika upya sheria ile. Iliielekeza Serikali irekebishe kasoro hiyo ndani ya mwaka mmoja, na kuweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa ndoa kwa wote. Serikali ikakata rufani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo. Hapo ndipo mjadala wa kweli huanza darasani: mahakama inapotamka kwamba sheria ni batili na kuipa Serikali muda wa kurekebisha, nani anahakikisha kwamba muda huo unaheshimiwa? Bunge lina wajibu gani? Mwananchi ana njia gani? Wanafunzi ambao dakika ishirini zilizopita walikuwa wakishangilia au kulaani jambo walilolisikia, sasa wanabishana juu ya jambo walilolisoma. Kuna tofauti kubwa kati ya mabishano hayo mawili. Ya kwanza huisha mtu mwenye sauti kubwa anaposhinda. Ya pili huisha kila mmoja akiwa amejua kitu.

Wanaharakati wenzangu mniwie radhi nikisema kwamba nasi tuna kosa hili. Nimekaa kwenye vikao ambamo tamko kali liliandikwa dhidi ya muswada ambao watu watatu tu kati ya ishirini walikuwa wameusoma. Tulipojibiwa na upande wa pili kwamba kifungu tunachokilalamikia hakimo, hatukuwa na la kusema. Hoja yetu ilikuwa nzuri, lakini tuliipoteza kwa sababu tulinukuu kivuli. Anayetaka kuikosoa sheria anapaswa kuijua kuliko anayeitetea.

Na kwa watumishi wa umma, ambao najua mnasoma ukurasa huu, nina ombi. Mwananchi anapofika dirishani na kuambiwa "sheria hairuhusu", mtajieni kifungu. Si kwa ukali. Andikeni kwenye kipande cha karatasi: sheria fulani, sura fulani, kifungu fulani. Nimewahi kusimama kwenye foleni ya ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikamsikia mama mmoja akirudishwa kwa mara ya tatu kwa neno hilo moja, "sheria". Nilipomuuliza mtumishi kwa upole ni sheria gani, alinijibu kwamba ndivyo walivyowakuta wenzao wakifanya. Sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya. Alikuwa amerithi kauli, kama mimi nilivyorithi muhtasari wa semina. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma na kuweka ukomo wa siku 30 za kujibiwa. Lakini nchi ambayo raia analazimika kutumia sheria moja ili ajue sheria nyingine inamfanyia nini, bado ina safari ndefu.

Nisiwe mwepesi wa kuwalaumu watu, hata hivyo, huku nikisahau kizuizi kikubwa kuliko vyote, nacho ni lugha. Mdogo wangu ni mtu mwenye akili na amesoma hadi kidato cha nne. Hata kama siku ile ningemtumia kanuni yenyewe, ingemfikia kwa Kiingereza cha kisheria, ambacho hata wenye shahada hukisoma kwa kukunja uso. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale inapobidi kwa ajili ya haki. Ilikuwa hatua kubwa. Fikiria kwamba kwa miaka mingi shahidi alitoa ushahidi wake kwa Kiswahili, hakimu akauandika kwa Kiingereza, kisha hukumu ikasomwa kwa lugha ambayo mshtakiwa aliambiwa tu mwisho wake: umefungwa au umeachiwa. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba kutojua sheria si utetezi. Kwa kanuni hiyo kuwa ya haki, ni lazima sheria iwe kitu kinachoweza kujulikana na yule inayemhukumu.

Hatua ile bado haijafika mwisho. Hukumu nyingi unazozifungua leo bado ni za Kiingereza, na sheria nyingi zinasubiri kutafsiriwa. Wala tusifikiri kwamba kutafsiri ni kubadilisha maneno tu. Neno moja likitafsiriwa kwa namna mbili katika sheria mbili, wakili mwerevu atajenga shauri zima juu ya tofauti hiyo. Kazi hii inahitaji wanasheria na wataalamu wa lugha wakae meza moja, na inahitaji fedha. Nayo ianze na zile sheria na kanuni ambazo mwananchi hukutana nazo mara kwa mara: ajira, ardhi, ndoa, mirathi, usalama barabarani. Halafu kuna sheria ndogo za halmashauri, ambazo kwa uzoefu wangu ndizo ngumu kuzipata kuliko zote, ilhali ndizo zinazomtoza faini mama muuza mboga na kijana wa bodaboda kila siku. Ajabu ni kwamba ni rahisi kwangu kusoma hukumu ya Mahakama ya Rufani ya wiki iliyopita kuliko kuiona sheria ndogo ya ushuru wa soko lililo karibu na nyumbani kwangu.

Kuna jambo jipya ambalo siwezi kulipita. Wanafunzi wangu siku hizi hawaanzi kwenye TanzLII. Wanaiuliza akili mnemba, nayo huwajibu kwa ufasaha na kwa kujiamini, pamoja na majina ya kesi. Sikatazi, mimi mwenyewe huitumia. Lakini wote huwasimulia yaliyotokea New York mwaka 2023, katika shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Mawakili waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja hukumu ambazo hazijawahi kuwepo; ChatGPT ilizibuni. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Hao walikuwa mawakili wenye leseni. Kosa lao halikutofautiana na langu la mwaka 2018: walipewa jibu lililosikika vizuri, hawakufungua chanzo. Mashine imekuwa kaka msomi wa ukoo mzima wa binadamu. Inafaa iulizwe swali lilelile: kifungu gani, na nioneshe kilipo.

Msomaji anaweza kusema kwamba nawatwika wananchi mzigo wa mawakili. Hapana. Kusoma sheria hakumfanyi mtu kuwa wakili, kama vile kusoma maelekezo kwenye chupa ya dawa hakumfanyi kuwa tabibu. Lakini anayesoma chupa hanywi sumu. Mambo yakiwa mazito, tafuta wakili; na usiye na uwezo wa kumlipa, fahamu kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria walioko hadi wilayani, na kwamba mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yamekuwa yakifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Mimi ningemwelekeza mdogo wangu huko siku ya kwanza, angekuwa na siku ishirini na tisa mkononi. Nilichopungukiwa siku ile ni ujasiri wa kusema "sijui, twende tukamuulize anayejua". Shahada huwa inatunyang'anya neno hilo la "sijui" bila sisi kutambua.

Tangu mwaka ule nimejiwekea desturi mbili. Ya kwanza ni ya darasani: wiki ya kwanza ya muhula kila mwanafunzi wangu hupewa alama ya hukumu moja, aitafute mwenyewe, aisome hadi mwisho, kisha aje aeleze nani alishinda na kwa sababu gani. Si somo la sheria. Ni zoezi la kuacha kusimuliwa. Ya pili ni ya nyumbani: ndugu akinipigia na jambo linalogusa sheria, simjibu kwa simu. Namwambia aje na barua yake, au aitume, na jambo la kwanza tunalofanya ni kuhesabu siku kwenye kalenda. La pili ni kufungua kanuni, mimi na yeye, tukisoma kwa sauti na nikitafsiri mstari kwa mstari. Nikikwama, tunatafuta msaada siku hiyohiyo.

Mdogo wangu sasa ana duka dogo la vifaa vya ujenzi. Mwaka juzi alipelekewa hati ya kudaiwa tozo ambayo hakuielewa. Hakunipigia. Alikwenda mwenyewe ofisini, akasubiri zamu yake, akamuuliza karani kwa adabu: "Samahani, ni kwa kifungu gani?" Karani alitafuta kwa muda, akamwomba arudi kesho yake. Kesho yake alipewa nakala ya sheria ndogo, akaisoma, akakuta kwamba anadaiwa kihalali. Akalipa. Aliponisimulia nilimuuliza kama hakuona amepoteza siku mbili bure. Akasema hapana, safari hii angalau alijua amelipia nini.